Swichi ya "nguvu kamili" na video isiyoisha kurenda

Video za aina hii lazima umeshaziona, hata kama hukuzitafuta. Kijana anafungua laptopu yenye Windows, anaingia kwenye mipangilio ya umeme, anahamisha alama kutoka "Balanced" kwenda "High performance", halafu anaigeukia kamera na kukuhakikishia kwamba kuanzia leo kazi zako zitarenda kwa nusu ya muda. Dakika moja na nusu, imeisha. Hakuna saa iliyowekwa mezani, hakuna kipimo cha kabla wala cha baada. Ni neno lake tu.

Leo nataka tuzichambue video hizo kama tunavyochambua makala kwenye semina zetu: anadai nini, ushahidi uko wapi, na nini hakukisema. Nakiri mapema kwamba jambo lenyewe nina kinyongo nalo kidogo, kwa sababu kuna usiku mmoja ushauri huo uliniponza.

Kundi letu la watu wanne lilikuwa na video ya dakika 18 ya kazi ya uwandani, mahojiano na wavuvi wa Kunduchi. Saa nne usiku tukamaliza kuhariri. Mfumo wa kuwasilisha kazi ulikuwa unafungwa saa sita kamili. Nikabofya kurenda, yaani ile hatua ya mwisho ambapo programu inapika vipande vyote kuwa faili moja, na programu ikaandika muda uliobaki: saa tatu na dakika kumi. Wenzangu wakanitazama. Mmoja akasema, "Kaka, si uweke ile nguvu kamili?" Nikaweka. Muda uliobaki: saa tatu na dakika nane. Tukazishangilia zile dakika mbili kama goli la ugenini. Baada ya hapo chumba kizima kikawa kimya, laptopu nayo kimya, na kwenye ukimya huo ndimo jibu lilimokuwa. Sikulisikia. Nitalirudia mbele.

Tuanze na swichi yenyewe. Zamani prosesa ilikuwa na mwendo mmoja tu. Ikiandikwa megahezi 500, inakwenda kwa megahezi 500, iwe inapika picha au inakusubiri ubonyeze herufi. Mwaka 2000 Intel ilileta SpeedStep kwenye Pentium III za laptopu, na prosesa ikaweza kushusha mwendo wake ili kuokoa betri. Baadaye Windows ikaweka mipango ya umeme ambayo mtumiaji anaweza kuichagua. Ukiufungua ule wa wastani, yaani "Balanced", ukaingia mpaka ndani kabisa kwenye mipangilio ya prosesa, kwa kawaida utakuta namba mbili: kiwango cha chini asilimia 5, kiwango cha juu asilimia 100. Fungua ule wa nguvu kamili: kiwango cha chini asilimia 100, kiwango cha juu asilimia 100.

Hebu zisome tena namba hizo. Kiwango cha juu ni kilekile! Kilichobadilika ni cha chini. Mpango wa nguvu kamili hauiambii kompyuta "kimbia zaidi", unaiambia "usipumzike". Ni dereva wa daladala anayekanyaga mafuta hata akiwa kituoni anasubiri abiria. Injini inalia kweli, lakini safari ikishaanza, mwendo wake barabarani ni uleule wa mwenzake aliyekuwa ametulia.

Na kurenda ni safari isiyo na kituo. Video ya dakika 18 yenye picha 25 kwa sekunde ni picha 27,000. Kila moja inafunguliwa, inapakwa rangi ulizochagua, inawekewa maandishi, inabanwa, kisha inaandikwa kwenye diski. Kwenye kazi ya namna hiyo ule mpango wa wastani unaona mzigo na kuipandisha prosesa mpaka juu kwa kufumba na kufumbua, halafu unaiacha hukohuko mpaka kazi iishe. Mapumziko ambayo nguvu kamili inayakataza hayakuwepo tangu mwanzo. Zaidi ya hapo, kwenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha mwaka 2015 chipu yenyewe ndiyo inayochagua mwendo wake, na Windows imebaki kutoa pendekezo.

Sasa, kama mwendo wa juu ni uleule, nani anaamua video iishe saa ngapi? Kwa sehemu kubwa ni wati. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo video zile zinaporuka.

Prosesa ni mabilioni ya transista zinazowaka na kuzimika. Kila badiliko linakula chembe ya umeme. Ukiongeza idadi ya mabadiliko kwa sekunde, yaani masafa, umeme unaoliwa unapanda kwa uwiano huohuo. Hiyo peke yake isingekuwa shida. Shida ni kwamba ili transista ziwahi kubadilika kwa kasi hiyo mpya lazima uongeze volteji, na volteji inaingia kwenye hesabu ikiwa imezidishwa kwa yenyewe. Tuseme unataka mwendo upande kwa asilimia 20, na ili uupate volteji ipande kwa asilimia 10. Hesabu ni 1.1 × 1.1 × 1.2, jibu 1.45. Umepata mwendo wa asilimia 20, umelipa umeme wa asilimia 45, na umeme wote huo unaishia kuwa joto ndani ya kisanduku chembamba kilichopo mapajani mwako.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba ukipunguza ukubwa wa transista unaweza kupunguza na volteji yake kwa uwiano uleule, hivyo eneo lilelile la chipu likaendelea kula umeme uleule huku mwendo ukiongezeka. Sekta nzima iliishi kwa neema hiyo kwa takriban miaka thelathini. Katikati ya miaka ya 2000 neema ikakatika: transista zilikuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja hata zikiwa zimezimwa, na volteji ikagoma kushuka kama zamani. Mwaka 2004 Intel ilifuta mpango wake wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4. Tangu hapo watengenezaji waliweka nguvu zaidi kwenye kuongeza viini kuliko kupandisha mwendo, na kazi ya kugawa wati chache zilizopo ikawa kubwa kuliko ilivyowahi kuwa. Mipangilio ya umeme unayoiona leo imezaliwa kwenye tatizo hilo.

Chukua prosesa moja halisi: Core i5-8250U ya mwaka 2017, ambayo utaikuta sana kwenye laptopu za mtumba. Karatasi yake ya sifa inasema viini vinne, mwendo wa msingi gigahezi 1.6, mwendo wa juu gigahezi 3.4, wati 15. Mtengenezaji wa laptopu anaruhusiwa kuishusha hadi wati 10 au kuipandisha hadi 25. Muuzaji atakutajia ile 3.4, na si uongo, ila hiyo ni ya kupasuka kwa muda mfupi. Mwendo wa kudumu, viini vyote vikiwa kazini, umeahidiwa ni 1.6. Video yako itatembea mahali fulani kati ya namba hizo mbili, na umbali kati yao ni zaidi ya mara mbili. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo penye ile "nusu ya muda" wanayoitangaza, siyo kwenye swichi.

Na kuna jambo la sekunde 28. Prosesa nyingi za Intel za laptopu huruhusiwa kula wati nyingi kupita kiwango chao mwanzoni mwa kazi, kisha zinarudishwa kwenye kiwango cha kudumu. Muda wa kawaida wa fadhila hiyo ni kama sekunde 28, ingawa watengenezaji huubadilisha watakavyo. Sasa rudi kwenye zile video chache zinazojaribu kupima. Jamaa anarenda kipande cha sekunde ishirini kwa mpango wa wastani wakati laptopu imetoka kufungua programu nzito na bado ina joto, halafu anaongea kidogo, anabadilisha swichi, anarenda tena. Mara ya pili laptopu imeshapoa, fadhila imejaa tena, na programu yenyewe imeshahifadhi sehemu ya picha ilizozipika mara ya kwanza. Lazima iwe haraka! Angebadilisha mpangilio, akaanza na nguvu kamili kisha akamalizia na ule wa wastani, huenda angetangaza kinyume chake kwa ujasiri uleule. Kosa hili tunalikata alama kwenye ripoti za maabara za mwaka wa kwanza.

Nirudi kwenye ule ukimya. Laptopu inayorenda kwa nguvu zake zote hulalamika: feni inavuma, upande mmoja unachoma vidole. Ya kwangu ilikuwa imetulia kama inasoma gazeti. Asubuhi yake nikageuza chaja, ambayo nilikuwa nimeiazima chumba cha jirani kwa sababu tundu lake lilifanana na langu. Wati 45. Yangu ni ya wati 130. Kompyuta ilikuwa imegundua kwamba haiwezi kupewa umeme wa kutosha, ikajibana ili isiivunje chaja, na ilikuwa imenionyesha hata ujumbe ambao niliufunga bila kuusoma. Nilipochomeka chaja yangu na kurenda tena faili lilelile, feni ikaanza kuvuma na kazi ikachukua dakika hamsini na kitu. Swichi niliiacha kwenye wastani.

Kwa hiyo ukiwa unarenda na feni ziko kimya, usifurahi. Angalia chaja. Na kama hujachomeka kabisa, hesabu ni rahisi: betri yenye wati-saa 50, ukiitaka itoe wati 100, imekwisha kwa nusu saa. Watengenezaji hawataki uone hivyo, hivyo ukiwa kwenye betri wanaibana prosesa, na kadi ya picha wanaibana zaidi. Hakuna mpango wa umeme utakaoibadilisha betri kuwa soketi.

Upande wa pili ni joto. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza zikikaribia nyuzi 100 za sentigredi. Uwezo wa feni kutoa joto unategemea tofauti kati ya hizo nyuzi 100 na hewa ya chumbani. Chumba cha nyuzi 22, asubuhi ya Njombe imechangamka kidogo, kinakupa tofauti ya 78. Chumba cha nyuzi 32, Dar mwezi wa pili bila kiyoyozi, kinakupa 68. Kama joto ndilo linaloibana mashine, laptopu ileile itamudu wati pungufu kwa takriban asilimia 13 hapa mjini. Kwa kuwa mwendo haupungui kwa kiwango sawa na wati (rudi kwenye ile 1.45), hasara ya muda ni ndogo zaidi, labda asilimia tano hivi. Ongeza vumbi la miaka miwili kwenye feni, ongeza godoro linaloziba matundu ya chini, na asilimia tano hiyo utaikumbuka kwa hamu. Kuipeleka kwa fundi ipulizwe vumbi hakuna mvuto kwenye video ya dakika moja na nusu, najua.

Sasa wapo na wale wa upande wa pili, wajuaji, wanaosema mipangilio yote ya umeme ni kiini macho. Nao wamekosea, na kosa lao linagharimu vilevile. Kwanza, ile namba ya kiwango cha juu inaweza kuwa imeguswa na mtu. Kwenye laptopu nyingi ukiishusha kutoka 100 hadi 99 tu, prosesa inafungiwa kupanda juu ya mwendo wake wa msingi. Yaani ile i5 yetu inabaki kwenye 1.6 moja kwa moja. Kuna mafundi wanaofanya hivyo makusudi ili mashine isipate joto, na mteja haambiwi. Kama umenunua laptopu ya mtumba na inarenda kama inakokotwa, anzia hapo.

Pili, na hili ndilo kubwa, laptopu nyingi zina mpangilio mwingine kabisa, wa mtengenezaji mwenyewe, wenye majina yanayofanana: kimya, wastani, utendaji wa juu. Wakati mwingine ni programu ndogo, wakati mwingine ni kitufe kwenye kibodi. Huo kwa kawaida haushughuliki na kiwango cha chini. Unabadilisha wati zenyewe na mwendo wa feni. Unaweza kuihamisha prosesa kutoka wati 15 za kudumu hadi 25, na hapo video itawahi kweli. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana mpaka usiku, mmoja akiapa kwamba "performance" ilimsaidia na mwingine akiapa kwamba ni uongo, na wote wanasema ukweli juu ya swichi mbili tofauti. Majina haya yangekatazwa kama dawa mbili kwenye chupa moja.

Hapa lawama si ya vijana wa video peke yao. Aliyeuita mpango ule "High performance" alijua atakayesoma ataelewa nini: kwamba kuna nguvu fulani imefichwa, na ule wa wastani unamnyima haki yake. Jina la kweli lingekuwa "usipumzike", ila nani atabofya hiyo? Mwaka 2018 Microsoft wakaongeza mpango wa juu zaidi, "Ultimate Performance", kwa ajili ya kompyuta kubwa za kazi, wenye lengo la kuondoa ucheleweshaji mdogomdogo wa kuamka na kulala. Wenyewe walisema haupatikani kwenye mashine zinazotumia betri. Matokeo yake ni kizazi kipya cha video zinazokufundisha amri ya kuufungua kwa nguvu kwenye laptopu. Yaani mtengenezaji amekwambia mlango huu si wako, na mwalimu wako anakupa bisibisi.

Ukitaka kujua ukweli wa mashine yako, usiniamini hata mimi, ipime. Chukua kipande cha dakika tano au zaidi, ili zile sekunde 28 zisikudanganye. Chomeka chaja yake halisi. Futa picha ambazo programu imezihifadhi kabla ya kila jaribio. Renda kwa wastani, iache ipoe dakika kumi, renda kwa nguvu kamili, iache ipoe, kisha rudia zamu hizo mara tatu, na ukiweza siku nyingine anza na nguvu kamili. Andika muda wa kila moja. Wakati inaendelea, fungua Task Manager uangalie mwendo wa prosesa kwa gigahezi. Ukiona imeanza juu ikashuka baada ya nusu dakika na feni inavuma, unaona wati na joto vikifanya kazi yake. Ukiona iko chini tangu mwanzo na feni kimya, tafuta chaja, betri, au ile 99.

Kabla hujamaliza, angalia pia kwenye dirisha la kutoa video kama programu yako inaruhusu kubana picha kwa kutumia kifaa badala ya programu. Intel waliweka sehemu maalumu ya kazi hiyo ndani ya prosesa mwaka 2011, Nvidia wakaweka kwenye kadi zao mwaka 2012, na kwenye mashine nyingi kubadilisha kipengele hicho kimoja kunapunguza muda kuliko mpango wowote wa umeme. Utalipa kidogo kwenye ubora wa picha kwa ukubwa uleule wa faili, hasa ukilinganisha na programu iliyoachwa ibane polepole. Kwa mahojiano ya mtu aliyekaa kwenye kiti sidhani kama utaiona tofauti.

Sisi usiku ule hatukujua hata hilo. Tulichofanya ni kusimamisha kazi saa nne na robo na kushusha video kutoka 1080p hadi 720p. Picha ya 1080p ina nukta 2,073,600, ya 720p ina 921,600, kwa hiyo kazi ikapungua kwa karibu mara mbili na robo, na makadirio yakashuka hadi chini ya saa moja na nusu. Tukawasilisha saa tano na dakika 49. Mwalimu akaandika pembeni: maudhui mazuri, picha hafifu, wavuvi hawaonekani sura.